Ugonjwa wa msanii na ulimi wa shabiki

Juma hili tutazungumzia jambo ambalo kwa kawaida huachiwa kurasa za burudani, yaani habari za wanamuziki na mabishano ya mashabiki wao. Tafadhali usiharakishe kufunua ukurasa. Mabishano hayo ukiyasikiliza kwa makini utaona kwamba mengi yanahusu mwili wa binadamu. Fulani amekonda, ana nini? Fulani amefariki akiwa bado kijana, ameuawa na nini? Yule msichana wa Korea alikuwa na mali na sura nzuri, mbona akajitoa uhai? Haya ni maswali ya kitabibu, na yanajibiwa kila siku na watu wasiojua utabibu.

Ukitaka kuyasikia, fika Luanda Kotieno, ufuoni mwa Rarieda katika kaunti ya Siaya, mahali ambapo abiria kutoka Kisumu na Bondo hungojea feri ya kuvuka hadi Mbita. Akina mama wanaanika omena, vijana wa bodaboda wameketi juu ya pikipiki zao, na spika ya kibanda inatoa benga na ohangla. Wimbo ukianza tu, mtu ataeleza alichosikia juu ya mwimbaji, na mwingine atampinga. Siku hizi hata wanafunzi wanaorudi shuleni wana mabishano yao, nayo ni ya vikundi vya Korea Kusini kama BTS, BLACKPINK na NewJeans. Wazee hawayajui majina hayo, lakini wakitafsiriwa watatambua kwamba hukumu ni zile zile.

Sina nia ya kuwazuia watu kuzungumza juu ya muziki. Mimi mwenyewe ni shabiki wa benga, na nina maoni yangu makali kuhusu nani alilipiga gitaa vizuri kuliko nani. Ninachotaka ukumbuke ni hiki: hukumu tunayoitoa juu ya msanii mgonjwa haimfikii msanii peke yake. Inasikika pia na mgonjwa aliyeketi kando yetu kwenye benchi, ambaye hatujui kwamba ni mgonjwa. Yeye hujifunza kutoka kwetu kama ni salama kusema au ni heri kunyamaza.

Mvuvi mmoja kijana aliletwa kwangu akiwa amekohoa kwa muda wa miezi mitatu. Nilipomuuliza kwa nini hakuja mapema, alinijibu kwamba alikuwa amesikia maneno ambayo watu wa ufuoni walisema juu ya mwanamuziki mmoja aliyekonda, akaona afadhali afe na kikohozi chake kuliko kusemwa hivyo. Alikuwa na kifua kikuu, ugonjwa unaotibika kabisa kwa dawa za miezi sita. Katika miezi hiyo mitatu alikuwa amelala chumba kimoja na ndugu zake wawili wadogo, na mmoja wao alipopimwa alikutwa ameambukizwa. Basi hasara ya ulimi inaweza kuhesabiwa.

Hebu sasa tuzitazame hoja za mashabiki, moja baada ya nyingine.

"Mtu mnene vile hawezi kuwa mgonjwa"

Hoja hii ni ya zamani, na ilimpata mtu mkubwa. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Bongoley Lutaaya wa Uganda, ambaye alikuwa akiishi Uswidi, alirudi nyumbani akatangaza mbele ya watu kwamba alikuwa na Ukimwi. Hakuna Mwafrika mwenye jina kubwa kama lake aliyekuwa amefanya hivyo wazi namna ile. Je, mashabiki walimshukuru? Wengi walikataa kumwamini. Walisema mbona ana mwili, mbona anaimba na kucheza, bila shaka anatafuta kuuza kanda zake. Lutaaya hakunyamaza. Alizunguka shuleni na makanisani akieleza hali yake, huku mwili ukizidi kudhoofika. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 38, na hapo ndipo waliobisha waliposadiki.

Kosa la mashabiki wale lilikuwa nini? Walidhani jicho linaweza kupima damu. Virusi vya Ukimwi vikishaingia mwilini hukaa kimya kwa muda mrefu, kwa wengi miaka minane hadi kumi, iwapo mtu hatumii dawa. Katika miaka hiyo yote anakula, ananenepa, anavuta nyavu, anapanda jukwaani. Hana alama yoyote usoni. Kipimo cha damu pekee ndicho kinachoweza kusema.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa wakazi wa kandokando ya ziwa. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watu wa umri wa miaka 15 hadi 64, wenye virusi hivyo walikuwa asilimia 4.9 nchini Kenya kwa jumla. Lakini Siaya ilikuwa na asilimia 15.3, Kisumu asilimia 17.5, na Homa Bay, ng'ambo ya pili feri inakotia nanga, asilimia 19.6. Maana yake ni kwamba katika kundi lolote la watu kumi wanaobishana juu ya mwanamuziki pale Luanda Kotieno, yaelekea mmoja au wawili wanabishana juu ya hali yao wenyewe, na huenda hawajui.

Tofauti kati ya mwaka 1989 na leo ni kubwa mno. Lutaaya hakuwa na dawa ya kumwokoa. Leo mwenye virusi humeza kidonge kimoja kwa siku, na huanzishiwa matibabu mara tu anapopatikana navyo bila kungojea adhoofike. Akizitumia dawa zake barabara hadi virusi visionekane tena katika kipimo cha maabara, hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mchezaji wa mpira wa kikapu Magic Johnson wa Marekani alitangaza kwamba ana virusi mnamo Novemba 1991, wengi wakamlilia kama maiti, na zaidi ya miaka 30 baadaye bado alikuwa akifanya biashara zake. Kwa hiyo ukitaka kujua hali yako, nenda ukapimwe. Hata asiyetaka kuonekana kliniki anaweza kujipima faraghani kwa vifaa ambavyo vimekuwa vikitolewa nchini tangu 2017, mradi akipata jibu la kuwa navyo aende kituoni kulithibitisha. Kumbuka pia kwamba anayepima mara tu baada ya kuambukizwa anaweza kupata jibu la kumdanganya, kwa hiyo arudie baada ya miezi mitatu.

"Nimonia ni jina la kufunika tu"

Mnamo Machi 2011 wapenzi wa muziki wa Nyanza walipata pigo. Musa Juma, kiongozi wa bendi ya Orchestra Limpopo International, mzaliwa wa Siaya, alifariki hospitalini mjini Mombasa. Ilitangazwa kwamba aliugua nimonia. Tangu siku hiyo nimesikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma, kwamba mtu mzima mwenye nguvu hawezi kuuawa na nimonia, na kwamba neno hilo ni kifuniko cha jambo jingine.

Ndugu msomaji, nimonia haihitaji msaada wa ugonjwa mwingine ili kuua. Mapafu yetu yamejengwa kwa vifuko vidogo sana vya hewa, mamilioni kwa mamilioni. Vijidudu vikiingia humo, vifuko hujaa usaha na majimaji mahali ambapo hewa ingepita, na damu hukosa oksijeni. Mtu huanza kuzama akiwa nchi kavu. Ugonjwa huu huwapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano, wazee, wavutaji wa sigara, wanywaji wa pombe kupita kiasi, na wenye kisukari, pumu au kinga dhaifu ya mwili. Lakini humpata pia kijana mwenye afya njema, hasa baada ya mafua makali.

Hatari ya hoja hii ya "kifuniko" ni kwamba mtu aliyeisadiki huwa haogopi nimonia yenyewe. Akikohoa hununua vidonge viwili dukani na kurudi kazini, au huona haya kwenda hospitali asije akaandikiwa jina ambalo watu watalitafsiri vibaya. Basi zishike dalili hizi: homa yenye kutetemeka, kikohozi chenye makohozi ya manjano, ya kijani au yenye rangi ya kutu, na kichomi kifuani unapovuta pumzi. Mgonjwa akipumua haraka, mara 30 au zaidi kwa dakika kwa mtu mzima, akianza kuchanganyikiwa, au midomo yake ikigeuka rangi ya samawati, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali usiku huohuo. Nimonia ya bakteria ikiwahiwa hutibiwa kwa dawa za kuua vijidudu, na wengi hupona.

Kwa watoto kuna kinga. Mwaka huohuo wa 2011 Kenya ilianza kuwachanja watoto wachanga dhidi ya kijidudu kiitwacho pneumokokasi, ambacho ni miongoni mwa visababishi vikuu vya nimonia. Chanjo hiyo hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Mzazi ambaye mtoto wake amepitwa na chanjo hizo asikate tamaa, aende kliniki aulize.

"Amekonda, basi ni ule ugonjwa"

Hii ni ile hoja ya kwanza iliyopinduliwa. Mnene husemwa ni mzima, mwembamba husemwa ana Ukimwi. Msanii akionekana jukwaani suruali ikimpwaya, hukumu imekwisha kutolewa kabla ya wimbo wa pili.

Daktari akimwona mtu aliyepungua uzito bila kukusudia huwa na orodha ndefu kichwani. Kuna kisukari, ambacho huja na kiu na kukojoa mara kwa mara. Kuna kifua kikuu, chenye kikohozi cha wiki mbili na zaidi na jasho la usiku. Kuna tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, ambayo huutia mwili joto na moyo mbio. Kuna saratani, minyoo, vidonda vya tumbo, pombe inayochukua nafasi ya chakula, na huzuni nzito inayoua hamu ya kula. Virusi vya Ukimwi vimo katika orodha, lakini ni kimoja kati ya vingi. Kwa ajili hiyo hatukisii, tunapima. Ukiona umepungua zaidi ya kilo tano katika muda wa miezi sita na hujui sababu, njoo uonwe.

Upo ugonjwa mwingine wa kukonda ambao wazazi wa mijini inawapasa waujue, na hapa wanamuziki wa Korea wana somo la kutupa. Katika biashara ya muziki ya nchi hiyo vijana huingizwa mazoezini wakiwa wadogo sana, na uzito wa mwili ni sehemu ya kazi. Mashabiki nao hukagua picha na kubishana nani amenenepa na nani amepungua. Mwaka 2014 mwimbaji IU alieleza katika televisheni kwamba aliwahi kuugua ugonjwa wa kula kupita kiasi na kisha kujitapisha, na kwamba alitibiwa. Mwaka 2016 JinE, msichana wa kikundi cha Oh My Girl, aliacha kazi kwa muda ili atibiwe ugonjwa wa kujinyima chakula, na mwaka uliofuata aliondoka kabisa katika kikundi.

Usidhani ni ugonjwa wa matajiri wa mbali. Ni ugonjwa wa akili unaoharibu mwili, na unaweza kuua kwa kuvuruga mapigo ya moyo. Ikiwa binti yako anajiona mnene ilhali mifupa inaonekana, anakwepa kula na wenzake, anakimbilia msalani kila baada ya chakula, au hedhi yake imekatika bila sababu ya mimba, mlete kwa daktari. Usimkaripie wala usimlazimishe kumaliza sahani. Na juu ya yote, usimsifu wala kumcheka kwa ukubwa wa mwili wake, kwa maana maneno ya nyumbani hushika kuliko ya mtu baki.

"Alikuwa na kila kitu, alikosa nini?"

Hoja hii ndiyo inayonihuzunisha zaidi. Mnamo Desemba 2017 Jonghyun, mwimbaji wa kikundi cha SHINee, alijitoa uhai akiwa na umri wa miaka 27. Oktoba 2019 alifuata Sulli, aliyekuwa na miaka 25, na wiki chache baadaye, mwezi wa Novemba, rafiki yake Goo Hara, aliyekuwa na miaka 28. Sulli alikuwa ameandamwa kwa miaka kwa maneno ya matusi juu ya mavazi yake, mapenzi yake na usemi wake. Baada ya kifo chake, kampuni ya Daum ilifunga nafasi ya wasomaji kutoa maoni chini ya habari za wasanii, na Machi 2020 kampuni kubwa ya Naver ikafanya vivyo hivyo. Nchi nzima ilikuwa imejiuliza kama ulimi unaweza kuchangia kifo.

Tuwe waangalifu hapa. Mtu hajiui kwa sababu moja. Mara nyingi kuna ugonjwa wa huzuni ambao umekuwapo kwa muda, kisha huongezeka upweke, deni, fedheha, maumivu au pombe. Matusi hayawi chanzo pekee, lakini kwa mtu aliye ukingoni huwa ni mzigo juu ya mzigo. Fedha na umaarufu haviutibu ugonjwa huo, kama visivyotibu malaria. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hujiua kila mwaka, na kwamba kwa watu wa umri wa miaka 15 hadi 29 hiki ni miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo.

Hapa kwetu husemwa kwamba kijana aliyejiua ni mwoga, amerogwa, au ameleta nuksi katika boma. Kijana mwingine, mwenye mawazo yale yale, anasikiliza. Atamwambia nani?

Dalili za ugonjwa wa huzuni ni hizi: moyo mzito au kutofurahia chochote kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kukosa usingizi au kulala kupita kiasi, uchovu, kushindwa kula, kujiona huna thamani, na kukata tamaa. Kwa wanaume wengi wa huku kwetu huzuni hujitokeza kwa sura ya hasira na ulevi. Ukiona mtu anagawa vitu vyake, anaaga watu, au anasema dunia ingekuwa heri bila yeye, mchukue kando umuulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Watu huogopa kwamba kuuliza kutampa wazo hilo. Sivyo. Swali lililoulizwa kwa upole humpa nafuu, kwa sababu hatimaye kuna anayemwona. Msikilize bila kumhubiria, ondoa karibu naye vitu vya hatari, usimwache peke yake, kisha mfikishe hospitali. Nchini Kenya unaweza pia kupiga nambari 1199 ya Msalaba Mwekundu ukapata wa kuzungumza naye.

Kizuizi kimoja kikubwa kimeondolewa. Kwa miaka mingi sheria ya Kenya ilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, na familia zilimficha badala ya kumtibu. Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho, cha 226 katika sheria ya makosa ya jinai, kinakwenda kinyume cha Katiba. Basi usiogope kumleta mgonjwa kwa sababu ya polisi.

"Ilikuwa skuta tu"

Nisiwaseme mashabiki kwa kuhukumu bila kuwasema pia kwa kutetea. Usiku mmoja wa Agosti 2024 Suga wa BTS alianguka na skuta yake ya umeme mjini Seoul, polisi wakamkuta amelewa. Mabishano yaliwaka. Wengine walitaka afukuzwe katika kikundi. Wengine walisema ni skuta tu, hakumgonga mtu, mwacheni. Kipimo cha pombe katika damu yake kilikuwa asilimia 0.227, na mahakama ilimtoza faini ya won milioni 15.

Tuiache hukumu, tutazame kipimo. Kwa sheria ya Korea dereva hupokonywa leseni akifikisha asilimia 0.08. Kiasi cha Suga kilikaribia mara tatu ya hicho. Mtu wa kiwango hicho kwa kawaida hupepesuka, macho yake hayapimi umbali, na mikono huchelewa kutii. Chombo kuwa kidogo hakumpunguzii hatari. Chombo cha magurudumu mawili hakina bodi ya kumkinga, na kinachofika chini kwanza mara nyingi ni kichwa.

Wewe ambaye hutapanda skuta ya Seoul maishani mwako, jiulize ni mara ngapi umetoka kwenye dansi ya ohangla saa nane za usiku ukapakiwa kwenye bodaboda, wewe na mwendeshaji mmekunywa, na kofia ya kinga imetundikwa kwenye mpini. Uchunguzi uliokusanya matokeo kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba kofia hiyo hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69. Kahawa haiondoi ulevi, wala maji ya baridi. Ini huiondoa pombe polepole, kwa muda wake, na hakuna cha kulihimiza. Kama mmelewa, laleni hapo hapo hadi kukuche.

Shabiki afanye nini?

Mwishoni mwa miaka ya 1990, Ukimwi ulipokuwa ukitajwa kwa kunong'ona, Princess Jully, aliyeshika uongozi wa Jolly Boys Band baada ya kifo cha mumewe Prince Jully, aliimba "Dunia Mbaya", akiutaja ugonjwa huo wazi mahali ambapo watu hucheza na kunywa. Wimbo huo ulivuma kote nchini. Huo ni ushahidi kwamba muziki unaweza kuwafikia watu ambao daktari hawafikii, na kwamba mazungumzo ya mashabiki yanaweza kuponya kama yanavyoweza kuumiza.

Kwa hiyo nashauri mambo manne. Kwanza, ukisikia kwamba msanii ni mgonjwa, amini alichosema mwenyewe au familia yake, na kama hawakusema, tambua kwamba hujui. Pili, usitaje ugonjwa kama tusi. Neno "ule ugonjwa" likitamkwa kwa dharau linamfunga mdomo mtu usiyemkusudia. Tatu, habari ya msanii ikikugusa, iulize kuhusu wewe: mimi nilipima lini damu, sukari na shinikizo la damu? Kikohozi hiki kina wiki ngapi? Mwanangu analala usiku? Nne, mtu akisemwa mbele yako kwa ugonjwa wake, sema neno moja la kumtetea. Si lazima liwe hotuba. Inatosha kusema, "Hata mimi naweza kuugua hivyo."

Yule aliyekuwa amenyamaza kwenye benchi atalisikia neno hilo. Huenda akavuka na feri bila kusema lolote, lakini akafika kliniki juma lile lile.

Tunza afya yako, na ya jirani yako pia.